Maswali yenu: Muuzaji kaleta demo, bodi imeshapenda, tununue?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu jambo moja na sishangai, ni msimu wa bajeti, shule binafsi zinapanga ada za Januari, kamati zinakaa, na wauzaji wa vishikwambi, smatibodi na apu za masomo wanaijua kalenda hiyo vizuri sana. Nimechagua barua sita, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkuu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Morogoro. Kuna kampuni imekuja na vishikwambi vyenye apu ya kusoma na hesabu, wakaleta projekta wakafanya demo mbele ya bodi na kusema ukweli ilipendeza, waliita watoto wawili wakajaribu wakafurahi sana. Sasa wanatupa punguzo la asilimia 20 tukisaini kabla mwezi haujaisha. Mwenyekiti wa bodi ameshakubali moyoni. Mimi nasita ila sina hoja ya kusimamia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mkuu, na pole kwa presha. Tuanze na hilo punguzo maana ndilo linalowakimbiza. Kampuni inayotaka kufanya kazi na shule yako miaka mitano haishindwi kusubiri muhula mmoja. Waandikie barua ya heshima kwamba mmependa mlichoona, mnataka kujaribu kwanza, na mnaomba bei ile ile ibaki mpaka majaribio yaishe. Wako watakaokubali. Wakikataa, basi umeshajua watakujibu vipi siku vishikwambi kumi vimegoma kuwaka na wewe unawapigia simu.

Hoja ya kwenda nayo kwenye bodi ni hii, tunataka kutatua nini? Jibu la "tunataka shule iwe ya kisasa" halipimiki, likatae kwa upole. Unatafuta kitu kama "watoto wetu wa darasa la pili hawasomi kwa ufasaha" au "darasa la tano wanaanguka kwenye sehemu na desimali" au "walimu wanamaliza wikendi nzima wakisahihisha". Mkishaliandika tatizo kwa sentensi moja ndipo mnauliza kama kishikwambi kinalitatua kuliko kitu kingine kwa pesa hiyo hiyo, labda vitabu vya hadithi, labda mwalimu msaidizi, labda semina nzuri ya walimu. Mara nyingine jibu litakuwa kishikwambi kweli na sipingi hata kidogo. Ila demo haiwezi kukujibia, maana demo inakuonyesha apu ikiwa mikononi mwa watu wanaoijua, chaji imejaa, intaneti ya kwao, na watoto wawili mbele ya wageni. Darasa lako lina watoto wangapi? Na mwalimu mmoja.

Ukitaka mfano wa kuwaambia wajumbe, waambie Los Angeles kule Marekani. Mwaka 2013 wilaya ile ya shule, ambayo ni ya pili kwa ukubwa nchini kwao, iliingia mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad yenye masomo ya kampuni ya Pearson, mpango mzima ukikadiriwa dola bilioni 1.3. Masomo yenyewe yalikuwa hayajakamilika wakati mkataba unasainiwa. Ndani ya wiki chache wanafunzi walikuwa wameshajua kuzipita zile kinga za mtandao wanaingia wanakotaka, shule zikaanza kuvikusanya vifaa, mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa, mkurugenzi wa shule za wilaya hiyo akajiuzulu Oktoba mwaka huo huo, na wapelelezi wa FBI wakaja kuchukua makaratasi ya tenda. Wale walikuwa na wanasheria, wahandisi na idara nzima ya manunuzi. Kilichokosekana ni muda wa kujaribu na walimu wa kuulizwa.

Na usione aibu kuomba ushahidi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba kule Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimefanya majaribio ya kisayansi yenye kundi la kulinganishia, na katika majimbo 17 ya Marekani ni asilimia 11 tu ya walimu na viongozi walioulizwa ndio waliodai utafiti uliohakikiwa kabla hawajachukua kifaa. Kwa hiyo ukiuliza "mmeipima wapi, kwa watoto gani, na nani aliyepima?" utakuwa umeuliza swali ambalo hata shule nyingi za nchi tajiri haziulizi, na muuzaji makini atafurahi kulisikia. Akikupa picha za watoto wanaocheka na barua ya shukrani ya mkurugenzi wa shule fulani, hiyo ni ishara kwamba anaye mteja aliyeridhika, matokeo ya watoto bado hujayaona.

La mwisho kabla sijakuacha, mchukue mwalimu wako wa darasa la pili na wa la tano wakae na hiyo apu jioni mbili tatu peke yao bila muuzaji, wakiwa na silabasi ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) mkononi. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, na apu iliyotengenezwa kwa mtaala wa zamani au wa nchi nyingine itawapa walimu kazi ya kuruka mada kila siku mpaka wachoke waiache. Maoni yao yaandikwe na yasomwe bodini kabla ya kura. Mwenyekiti akisikia kutoka kwa mwalimu wa darasa itamwingia kuliko akisikia kutoka kwako.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Nafundisha JSS (sekondari ya chini) huku Kilifi, na ndiye nimepewa kazi ya TEHAMA kwa sababu tu najua kurekebisha printa. Head amekubali tujaribu apu moja ya sayansi kabla ya kununua, lakini anasema wiki moja inatosha halafu nimpe ripoti. Sijawahi kufanya majaribio ya namna hii. Naanzia wapi?

JIBU: Sijambo mwalimu, na nimefurahi sana kupata swali lako maana watu wengi hurukia bei tu. Wiki moja inatosha kujua kama kifaa kinawaka. Wiki ya kwanza kila mtoto anachangamka kwa sababu kitu ni kipya, hata ukiwapa redio watachangamka, na ile changamko ndiyo itakayojaza ripoti yako. Mwombe head muhula mmoja. Akikubana sana, wiki sita, chini ya hapo usikubali jina lako liandikwe kwenye ripoti.

Sasa kabla hujafungua hata kisanduku, kaeni wewe, head na mwalimu mwingine wa sayansi mwandike kwenye karatasi mtanunua likitokea nini na hamtanunua likitokea nini. Kwa mfano, "tutanunua kama darasa lililotumia limepanda kuliko lisilotumia kwenye mtihani wetu, na kama walimu wote wawili wanataka kuendelea, na kama vipindi vilivyoharibika kwa sababu ya kifaa havizidi kimoja kati ya kumi". Weka saini, weka tarehe. Nasisitiza hili kwa sababu matokeo yakishatoka kila mtu ataona alichotaka kukiona tangu mwanzo, aliyependa apu atasema watoto wamekuwa na ari, asiyeipenda atasema umeme ulikatika.

Halafu tafuta wa kulinganisha naye. Kama mna mikondo miwili, mmoja utumie na mwingine uendelee kama kawaida, na muhula ujao mnaweza kubadilishana ili hakuna mzazi wa kulalamika kwamba mtoto wake amenyimwa. Toeni mtihani mfupi mwanzoni kwa mikondo yote, maswali ya karatasi mliyotunga wenyewe, na mwisho mtoe mwingine wa kiwango kile kile. Msitumie alama zinazotoka ndani ya apu. Apu inapima kama mtoto ameizoea apu, na watoto wana akili, wanajifunza kubonyeza kwa kukisia mpaka nyota zijae.

Mwalimu wa majaribio awe wa kawaida. Mkimpa yule bingwa wenu ambaye angefundisha vizuri hata kwa chaki na jiwe hamtajua kitu. Na muuzaji aje siku ya mafunzo tu, baada ya hapo asionekane shuleni mpaka aitwe, kwa sababu fundi wa kampuni akikaa nyuma ya darasa kila kipindi kinaenda sawa na nyinyi hamtakuwa naye mwakani.

Kila kipindi andika vitu vitatu kwenye daftari, dakika zilizopotea kabla watoto hawajaanza kazi, vifaa vingapi vimegoma, na mwalimu amelazimika kufanya nini vilipogoma. Watu hudharau hiyo ya dakika. Kipindi cha dakika 40 kikila dakika 12 kugawa, kuwasha na kuingiza nywila, umepoteza karibu theluthi ya somo kila siku. Na makusudi kabisa chagueni siku moja mzime intaneti muone somo linaendaje, na siku nyingine mtumie mchana wakati betri zimeshachoka.

Mfano mkubwa wa majaribio ya kweli ninaoupenda ulifanyika karibu na kwako, hapo Tanga. Mwaka 2014 yalianzishwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, dola milioni 15, timu zitengeneze programu ambayo mtoto asiye na mwalimu karibu anaweza kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilizofika fainali hazikupewa ushindi kwa demo. Programu zao, kwa Kiswahili, ziliwekwa kwenye vishikwambi vikapelekwa vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, vikawekwa vituo vya kuchajia kwa sola, watoto wakapimwa kabla, wakaachiwa miezi 15, wakapimwa tena na watu ambao si watengenezaji. Mwaka 2019 ushindi ukagawanywa kwa timu mbili, onebillion na Kitkit School. Kilichonivutia zaidi ni ule mpangilio kuliko hata washindi, kila timu ilipata watoto wa mazingira yale yale, jua lile lile, vumbi lile lile, na mtihani mmoja. Shule yako haiwezi kufanya kwa ukubwa huo ila kanuni zile zile zinaingia kwenye mikondo yako miwili.

Kuna na ule utafiti wa Kisumu ambao ningependa kila kamati ya shule Kenya iujue. Watafiti wa mradi wa kusoma wa PRIMR walijaribu njia tatu, shule nyingine walimpa kila mwanafunzi kifaa cha kusomea, nyingine wakampa mwalimu tableti, na nyingine wakampa tableti yule afisa anayezunguka kuwasaidia walimu madarasani. Watoto wa makundi yote walisogea wakilinganishwa na shule ambazo hazikupata chochote, lakini njia tatu zenyewe hazikupishana kwa kiasi cha maana, na hakuna iliyoushinda mradi wa kawaida wa vitabu na mafunzo ya walimu bila vifaa. Sasa fikiria bei, kununulia watoto wote na kununulia afisa mmoja anayehudumia shule nyingi. Ndiyo maana mradi wa Tusome ulipoenea nchi nzima tableti ziliwekwa mikononi mwa wale maafisa wa mitaala na watoto wakapewa vitabu. Kwa hiyo kwenye majaribio yenu ongeza na njia ya tatu ya bei rahisi kama mnaweza, kwa mfano, kama kuna mkondo wa tatu, mwalimu wake apate laptop moja na projekta. Inawezekana hiyo moja ikawatosha.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, Singida vijijini. Mtoto wa kijiji hiki anayeishi Ulaya anataka kutuletea kompyuta 30 zilizotumika. Wenzangu wanasema zawadi haikataliwi. Mimi naona hatuna hata chumba.

JIBU: Nzuri ndugu. Zawadi mnaweza kuipokea vizuri kwa kuiuliza maswali kabla haijapanda meli. Kompyuta za mezani 30 zinakula umeme mwingi, je shule ina umeme au sola ya taa tu? Chumba kina milango na nondo? Programu zake bado zinapata masasisho au ni mashine za zamani ambazo huko zilikuwa zinaelekea jalalani? Nani atazitengeneza, na akija analipwa na nani? Mashine mbovu 20 zikikaa stoo ni takataka zenye madini mabaya na kuziondoa nako ni gharama.

Mwambieni ndugu yenu ukweli kwa upendo, huenda pesa ya kusafirisha tu hizo 30 ingenunua laptop chache mpya zinazokula umeme kidogo, projekta moja na sava ndogo yenye Kolibri. Kolibri ni programu ya bure, unaijaza masomo, video na mazoezi ukiwa mjini kwenye intaneti, ukifika kijijini vifaa vinaunganika nayo kwa waifai ya hapo hapo bila bando hata shilingi moja. Na vitabu vya kiada vya TIE vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, angalieni kama vinapakuliwa mkaja navyo.

Vifaa vikitangulia mpango matokeo huwa madogo, hili limeshaonekana. Peru waligawa laptop za mradi wa One Laptop per Child kwa wingi sana, watafiti wakalinganisha shule 319 za vijijini baada ya miezi kama 15 na hawakuona tofauti kwenye hesabu wala lugha. Watoto walijua kutumia kompyuta, hilo ndiyo, na ni kitu, ila kama tatizo la shule yenu ni kusoma halikutibiwa. Kwa kuwa ni shule ya serikali pitieni kwa mkuu wa shule na afisa elimu ili zawadi iingie kwenye kumbukumbu za halmashauri, la sivyo siku ikiibiwa au ikihitaji matengenezo haina mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mzazi Dar es Salaam, mwanangu yuko darasa la tatu. Shule imetuambia tuweke apu ya kwenye simu ya kupokea matokeo na kazi za nyumbani. Inataka picha ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mahali tunapoishi, na ruhusa ya kuona nilipo muda wote. Nikiuliza naonekana mkorofi. Nina haki?

JIBU: Haki unayo dada, na ipo kwenye sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuna Tume kabisa ya kushughulikia malalamiko. Kenya nao wana sheria yao ya 2019 inayodai idhini ya mzazi, na mwaka 2023 kamishna wao aliipiga faini shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini. Kwa hiyo shule inayokusikiliza inajilinda yenyewe.

Iandikie shule kistaarabu uulize taarifa zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, kampuni inazitumia kwa kitu kingine chochote, na zinafutwa lini mtoto akihama. Ruhusa ya kujua ulipo haihusiani na matokeo ya hisabati, izime kwenye mipangilio ya simu yako, apu ikigoma kufanya kazi bila hiyo basi shule ijue imenunua kitu chenye kasoro. Na tafadhali washirikishe wazazi wenzako, barua ya wazazi 15 inasomwa haraka. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wake wa programu za elimu zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona, na karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa na mwenendo unaohatarisha faragha ya watoto, nyingi zikipeleka taarifa kwa kampuni za matangazo. Serikali nyingi zenyewe zilikuwa hazijakagua. Mwalimu mkuu wako naye huenda hajui, muulize kama mtu mnayesaidiana naye kumlinda mtoto.

SWALI: Hujambo. Ni mhasibu wa shule ya sekondari Machakos. Kotesheni mbili ziko mezani, tableti 40. Kampuni A ni shilingi 15,000 moja, B ni 20,000. Kamati inataka A kwa sababu ni rahisi. Nina wasiwasi lakini sijui nihesabu vipi.

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Bei ya kifaa ni mlango tu, hesabu miaka minne. Nitatumia namba za kukisia, wewe weka za kwenu.

Tuseme A ni 15,000 mara 40, hiyo ni 600,000. Ina leseni ya masomo ya 1,500 kwa kila tableti kwa mwaka, miaka minne inakuwa 240,000. Inahitaji intaneti kila kipindi, tuseme 4,000 kwa mwezi kwa miezi tisa ya masomo, miaka minne ni 144,000. Ni laini, kwa hiyo baada ya waranti ya mwaka mmoja zinaharibika nne kila mwaka, miaka mitatu ni 12, yaani 180,000. Kabati la kuchajia 80,000, mafunzo ya walimu 50,000. Jumla 1,294,000.

B ni 800,000 kununua. Masomo yamo ndani yanafanya kazi bila intaneti na hayana leseni ya mwaka. Ni ngumu, zinaharibika mbili kwa mwaka, miaka mitatu ni 120,000. Kabati na mafunzo vile vile 130,000. Jumla 1,050,000. Ile iliyokuwa rahisi imekuwa ghali kwa 244,000. Namba zenu zinaweza kuniambia kinyume na ni sawa, muhimu ziwe zote kwenye karatasi moja.

Mistari ambayo kotesheni huwa haina, na wewe uidai kwa maandishi: chaja na skrini za akiba zinauzwa bei gani na zinapatikana Machakos au mpaka Nairobi, fundi anakuja ndani ya siku ngapi, leseni inapanda kwa asilimia ngapi kila mwaka, na tukiacha kulipa masomo yanabaki au yanafungwa? Hilo la mwisho wengi hawaulizi kabisa, halafu mwaka wa tatu wanashtuka vifaa vipo na ndani hakuna kitu. Uliza pia kama masomo yamepitishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Na malipo yasitoke yote siku moja, gawanyeni, sehemu mkipokea, sehemu baada ya mafunzo, sehemu baada ya muhula mmoja wa matumizi. Kama ni shule ya umma sheria ya manunuzi ya 2015 inawahusu, kwa hiyo vigezo hivi mviandike kwenye tenda tangu mwanzo, maana mkivitaja baada ya kotesheni kufunguliwa mtaonekana mnambeba mtu. Tathmini inaruhusiwa kuangalia gharama ya maisha yote ya kifaa ilimradi mmesema mapema.

SWALI: Mwalimu, sisi tumeshachelewa. Shule yetu Mwanza ilinunua smatibodi nne na vishikwambi 50 miaka miwili iliyopita, karibu vyote vimekaa tu. Sasa kampuni imeleta ankara ya kuhuisha leseni. Mmiliki anasema tulipe ili pesa ya mwanzo isipotee.

JIBU: Pesa ya mwanzo imeshatoka, kulipa tena hakuirudishi. Msilipe kwanza.

Na hamko peke yenu, makadirio yaliyotajwa kwenye ile ripoti ya UNESCO yanaonyesha Marekani kwenyewe asilimia 67 ya leseni za programu za elimu zililipiwa na hazikutumika. Kenya nao baada ya ile ahadi ya kampeni ya 2013 ya laptop kwa darasa la kwanza, tenda ya mwanzo ikafutwa, ugawaji ukaja kuanza 2016 kwa tableti, na zaidi ya milioni moja zilifika kwenye shule za msingi zaidi ya 20,000. Faida moja kubwa na ya kudumu ni kwamba shule nyingi zilipata umeme kwa sababu ya mradi huo. Lakini vifaa vingi vilifungiwa makabatini, walimu wakuu waliogopa vikiibiwa wataulizwa wao, na walimu wengine mafunzo yao yalikuwa ya siku chache tu.

Hilo la kuogopa lianzieni nyumbani kwenu. Fungueni kabati mhesabu vinavyowaka. Halafu mkae na walimu bila mmiliki kuwepo, muwaulize kwa nini hawavitumii, na mwandike kila jibu hata linalouma. Mara nyingi utasikia mambo madogo, funguo anazo mtu mmoja ambaye hayupo Ijumaa, mwalimu anakatwa mshahara kishikwambi kikivunjika, soketi ni moja darasa zima, smatibodi imefungwa upande wa dirisha jua linapiga hakuna anayeona. Haya yanarekebishika kwa wiki moja na pesa kidogo. Hiyo ya kumkata mwalimu mshahara ifuteni leo hii, hakuna mtu atakayegusa kifaa ambacho kinaweza kumla chakula cha watoto wake.

Baada ya hapo chagueni somo moja, darasa moja, mwalimu mmoja anayetaka mwenyewe, mumpe muhula. Mwambieni mmiliki mnaomba kampuni isogeze ankara mpaka mwisho wa muhula huo, na iwape ripoti ya matumizi ya miaka miwili iliyopita, maana sava zao zinajua kila kifaa kimefunguliwa mara ngapi. Ripoti hiyo iambatanishwe na ankara kwenye kikao. Kama mwalimu wenu mmoja atakuwa ameonyesha watoto wamesogea, lipieni leseni za darasa lake tu, na za darasa jingine zitafuata mwalimu wake akiomba.